Boksi la Nukta Tatu

Watu wa Mautuma walikuwa wakija dukani kwetu na miguu ya watoto wao mkobani. Mama mmoja alitoka hukohuko, upande wa Lugari, alfajiri na nauli ya mtu mmoja, watoto sita wamebaki nyumbani wakifukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Akifika anafungua mkoba, anatoa vijiti sita vilivyofungwa kwa uzi wa katani, anavipanga juu ya kaunta kuanzia kirefu hadi kifupi. "Hawa ndio watoto wangu," anasema. Nami navitia vijiti ndani ya viatu kimoja kimoja, mpaka kila mtoto asiyekuwepo apate kiatu chake cha shule.

Nilifanya kazi hiyo miaka saba, katika ile miaka ya tisini, na nilikuwa hodari. Nasema hivyo mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kusema. Wanaonijua huniambia nisamehe, mambo ya zamani yameshapita. Mimi kwenye kusamehe sijafika bado. Nimefika kwenye kusimulia tu.

Duka lilikuwa la baba yangu, kwenye barabara inayoshuka kuelekea sokoni, hapo Kakamega mjini. Ukiingia, viatu viko mkono wa kushoto, nguo mkono wa kulia, stoo nyuma. Kibarazani alikaa fundi wa cherehani, mzee mmoja wa Mukumu, aliyekuwa akipunguza kaptula na kushona nembo za shule kwenye sweta. Huyo hakuwa wa familia, lakini aliona kila kitu, na mara nyingi alijua mambo ya nyumbani kwetu kabla yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata barua ya kuitwa kusomea kilimo kule Bukura. Nilimpelekea Baba hiyo barua dukani nikikimbia. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaniambia nikae. Baba aliniita Mama, maana nilipewa jina la mama yake mzazi, na alipotaka jambo zito alilitamka neno hilo polepole.

"Mama, karo iko ya mtoto mmoja," alisema. "Ndugu yako ni kijana, wacha yeye aende Nairobi asome. Wewe nakupatia duka. Ukiishika vizuri, hii duka itakuwa yako. Kila mtu na yake."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Barua ilibaki mfukoni mwake, na mimi nikaingia stoo. Sikulia hata kidogo, kwa sababu niliona nimepewa kitu kikubwa kuliko barua. Kila nilichofanya baadaye, nilikifanya kama mtu anayefagia nyumba yake mwenyewe.

Watu hudhani kazi ya duka ni kukaa. Ndugu yangu akija likizo alikuwa akiniambia, "Lakini wewe unakaanga tu kwa kiti." Mimi nilifungua asubuhi, nikakwangua matope mekundu ya jana yaliyokauka sakafuni, nikatoa sweta kibarazani kwa mti mrefu wenye ndoano, kila shule na rangi yake kwenye mstari wake, ili mama aliye ng'ambo ya barabara aone ya mtoto wake bila kuuliza. Kisha nilipanga viatu rafuni, mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia ulibaki ndani ya boksi, stoo. Baba alisema mwizi wa mguu mmoja hajazaliwa. Ikifika saa nane au saa tisa mvua ya Kakamega inakuja, hiyo haikosi miadi, na kila kilicho nje kinarudi ndani mbio. Ikikatika, vinatoka tena. Sweta iliyoguswa na mvua ilibidi niianike stoo mpaka harufu iishe, kwa sababu wateja wetu walinusa nguo kabla ya kuishika.

Vijiti ndivyo vilivyonifundisha kazi, na vilianza kwa kunitia aibu. Januari yangu ya kwanza alikuja mama mmoja mwembamba, wa kilemba cha kijani, kutoka hukohuko Mautuma. Alinipa vijiti sita vya bua la mtama, nikavipima, kila kimoja kikaacha nafasi ya kidole, nikamfungia viatu kwa raha zangu. Wiki iliyofuata alirudi, safari nzima ile, ameloa mpaka kilemba. Aliweka boksi moja juu ya kaunta.

"Dada, hii kiatu inafinya mtoto mpaka anaria," alisema. "Anaendanga shule akiwa amebeba kwa mkono."

Nilimuuliza alipimaje.

"Nilimpima akiwa amelala. Huyo akiwa macho anakimbianga mpaka kwa shamba ya jirani."

Nilimkalisha, nikamwambia avue kiatu chake, nikampima mguu ameketi, kisha nikampima amesimama. Sote wawili tuliona. Mguu uliobeba mwili hunyooka, na wa mtu aliyelala hujikunja kidogo. Baba hakuwa akibadilisha kiatu kilichokwisha kukanyaga nje, lakini wakati huo alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimbadilishia upesi, nikapaka rangi vile vya kwanza, nikavirudisha rafuni. Fundi aliniona, akainamisha kichwa kwenye cherehani yake.

Tangu siku hiyo kila aliyeleta kijiti nilimuuliza, "Alikuwa amesimama ama amelala?" Wa kulala nilimwongezea namba moja. Wageni waliopita walinidhani nina wazimu, lakini akina mama walianza kuniulizia mimi. Hawakumtaka Baba awahudumie. Walisimama kando wakasema wanangoja yule msichana wa vijiti.

Sikuvitupa. Nilichukua katoni moja tupu na kila kijiti nikakifunga kipande cha uzi wa sweta, rangi ya shule ya mtoto, nikaandika kwa biro jina la kijiji na mwaka. Nilianza hivyo kwa sababu mama yule wa kilemba cha kijani alinirudia mwaka wa pili akataka kujua mwanawe amekua kiasi gani. Nilimtolea kijiti cha mwaka uliopita, kilichokuwa bado kimelala stoo, akakiweka kando ya kipya, akacheka mpaka akashika kaunta. "Ona vile ameruka!" Basi ikawa desturi. Kila Januari walitaka kwanza kuonyeshwa vya zamani, ndipo tunaongea juu ya viatu.

Mwaka wa tatu nikagundua kwamba katoni ile inajua zaidi ya Baba. Septemba nilivimwaga vijiti vyote sakafuni, nikavipanga kwa urefu, nikakisogeza kila kimoja mbele kwa kadiri mtoto anavyokua kwa mwaka. Hapo niliona Januari nzima imelala mbele yangu: wangapi watataka namba mbili, wangapi namba tatu, shule gani ina watoto wengi wa darasa la kwanza. Baba alikwenda kwa muuzaji wa jumla na karatasi niliyoandika hesabu hiyo. Msimu ulipokwisha, stoo ilikuwa na mabaki ya kuhesabika kwa vidole. Baba aliitembezea macho, akasema, "Mama, hii duka imepata mwenyewe." Maneno hayo niliyala kama chakula, miaka mitatu.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo lazima niieleze vizuri. Kila shule zilipofungwa, Aprili, Agosti na Novemba, mimi na Baba tulifunga duka siku moja tukahesabu mali. Boksi lililobaki kutoka muhula uliopita lilipata nukta moja nyekundu chini, mahali mteja hatazami. Muhula ukipita tena halijauzwa, nukta ya pili. Nukta tatu maana yake kitu kimelala mwaka mzima na hakuna atakayekinunua. Mimi nilitia nukta, Baba alizisoma. Aligeuza boksi, akaziona tatu, akasema, "Hilo sasa ni la zawadi."

Na kweli lilikuwa la zawadi. Viatu vya nukta tatu vilipelekwa harusini, vilipelekwa kwenye mnada wa kanisa, alipewa mwalimu aliyehamishwa, alipewa mchungaji. Baba alivitoa kwa mikono miwili, na hotuba fupi iliyotoka moyoni, na kuna waliopokea wakatokwa na machozi. Mimi niliyejua kilichoko chini ya boksi nilijifunika uso kwa leso nicheke. Nilicheka naye njia nzima tukirudi nyumbani. Nalisema hili ili mtu asifikiri nilikuwa malaika.

Katikati ya miaka hiyo mitumba iliingia sokoni kwa marobota. Suti zetu, magauni yetu, mashati yetu ya mikono mirefu, vyote vilianza kupata nukta. Mtu alipita mlangoni kwetu na koti la mtumba begani, akaingia kutuomba vifungo tu. Kilichotubakiza mjini ni sare na viatu vya shule, yaani kile kilichotoka kwenye katoni ya vijiti. Baba hakuona hivyo. Aliona nguo zinalala, akawa mkali, akawa anasema duka linataka kichwa kilichosoma.

Kichwa kilichosoma kilifika Agosti moja, kimevaa tai. Ndugu yangu alikuwa amemaliza diploma ya biashara, na kazi za Nairobi hazikuwa zimemwona. Baba alisema amekuja kunisaidia. Kesho yake nikakuta ile stuli ndefu ya kaunta ina mtu, na mtu mwenyewe ananiagiza chai.

Sikumchukia. Hilo pia liandikwe. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, na aliporudi na tai yake nilimpigia pasi mashati. Nilijiambia atakaa miezi miwili, apate kazi yake, aende. Duka lilikuwa langu, na yeye alikuwa mgeni ndani yake.

Alipoiona katoni alicheka. "Sista, hii ni duka ya viatu ama unauza kuni?" Nilimweleza. Nilimwaga vijiti nikamwonyesha jinsi ya kuvisoma. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike, kisha akasema Nairobi hakuna anayefanya biashara hivyo, mtu anaagiza kwa jumla, namba zote sawasawa, na mteja anajipanga.

Oktoba kukawa na wiki ya mvua isiyokatika, mkaa ukalowa. Siku moja nilikuwa nimepeleka sweta za shule moja, na niliporudi nilikuta jiko kibarazani linawaka vizuri, sufuria ya chai inachemka, Baba na ndugu yangu wameketi wanangoja. Niliingia stoo kutundika koti langu nikaona katoni imelala ubavu. Ilikuwa tupu.

Nilitoka nikaangalia ndani ya jiko. Kulikuwa na vipande vya uzi kwenye majivu, vya kijani, vya maruni, vimejikunja kwa moto.

"Nilimuuliza huyu kijana kama anajua hiyo ni nini," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Akaniambia ni takataka."

Sikumbuki nilipiga kelele namna gani, ila watu wa duka la pili walitoka nje. Nilimwambia ndugu yangu amechoma watoto wa wilaya nzima. Nilimwambia hajui kitu, hata kamba ya kiatu hajui kufunga mpaka nimfungie mimi. Baba aliniacha nimalize, kisha akasema, kwa ile sauti yake ya polepole, "Mama, ni vijiti tu. Wataleta vingine. Keti unywe chai."

Nikaketi. Nikapewa kikombe, chai iliyopikwa kwa vijiti vyangu, na nikainywa. Katika yote niliyofanya pale dukani hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba niliinywa yote. Nilihofia kwamba nikiondoka kwa hasira siku hiyo, Baba atasema nimeacha duka mwenyewe.

Desemba ndugu yangu alikwenda kuagiza mali, bila karatasi yangu, na mzigo ukafika katoni kwa katoni. Sasa, namba za viatu zina ujinga wake ambao lazima mtu auzoee. Za watoto hupanda mpaka kumi na tatu, halafu zinaanza tena moja, mbili, tatu. Ukienda kwa muuzaji wa jumla ukataka namba kumi na moja na kumi na mbili, lazima useme za watoto. Yeye hakusema. Tulifungua katoni tukatoa viatu vyeusi vya kamba, vya kwenda darasa la kwanza, vikubwa hivi, ungeweza kumlaza mtoto ndani ya kimoja. Hakuna mwanamume hapa Kakamega, hata wale wanaopeleka mafahali kwenda kupigana, mwenye mguu wa kujaza kiatu kile.

Chini kabisa ya mzigo kulikuwa na viatu vya kike vyeupe, vya kisigino kirefu chembamba, jozi kumi na mbili. Nilimuuliza nani atatembea na kisigino hicho kwenye matope yetu. Alisema watu wa Nairobi wanavivaa. Nilimwambia basi awapelekee.

Januari akina mama walifika. Wiki ya kwanza namba za wadogo zilikuwa zimekwisha, na waliobaki walitoka na vijiti vyao wakaingia duka la jirani, nikiwaona. Nilimwambia Baba anipe siku tatu. Nilipakia katoni za yale majitu, nikaenda nazo Kisumu kwa yule muuzaji, nikamsihi, nikamwamkia mara kumi, mpaka akakubali kubadilisha. Namba nilimpa kutoka kichwani. Nilifumba macho pale kwake, nikakumbuka vijiti, uzi wa kijani ulikuwa na virefu vingi, wa maruni ulikuwa na vifupi, na nikahesabu kwa vidole. Vile vyeupe ndugu yangu alikataa nivibebe. Alisema hivyo vitauzwa.

Niliporudi duka lilijaa tena. Mama wa kilemba cha kijani alikuja siku hiyohiyo, kilemba chenyewe sasa kimepauka. Alipanga vijiti vyake juu ya kaunta. Nilivihesabu kwa macho kama kawaida yangu, nikaona vitano.

Aliniona nikiona. "Yule wa kukimbia," alisema. "Malaria. Mwezi wa kumi."

Nilivipanga upya vile vitano. Akasema, "Dada, si uko na kijiti yake ya mwaka jana? Nipatie hiyo. Hatukuwahi kumpiga picha."

Ndugu yangu alikuwa kwenye stuli, hatua mbili kutoka hapo. Aliinamisha macho akaanza kupanga soksi zilizokuwa zimepangwa. Ningeweza kumnyooshea kidole. Nilimwambia mama yule kwamba mchwa waliingia stoo wakala katoni nzima. Aliitika kwa kichwa. Aliniuliza kama walikula yote, nikasema yote. Akanunua viatu jozi tano, akaondoka, na sikumwona tena Januari yoyote.

Nilidanganya kwa ajili ya jina la duka. Na ukiniuliza duka lenyewe lingekuwa la nani, nadhani unajua nilivyokuwa nikijijibu.

Msimu ulipokwisha mchungaji alikuja kututembelea, na Baba, mkono begani mwa ndugu yangu, akamwambia, "Kijana karibu azame, lakini ameokoa msimu." Nilikuwa nimesimama hapo na trei ya chai. Nilimwangalia Baba, naye akaniangalia, akanitabasamia vizuri kabisa, kama anavyotabasamu mtu aliyenitendea wema. Ndugu yangu, nimtendee haki, alitoka nje.

Mwaka ule ulipita hivyo. Aprili tulihesabu mali, viatu vyeupe vikapata nukta ya kwanza. Agosti ya pili. Novemba nukta ya tatu nilitia mwenyewe, jozi zote kumi na mbili, na Baba akageuza boksi moja baada ya jingine akisoma, akafyonza meno. Hakusema nani aliviagiza.

Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na siku mbili baada ya Krismasi aliita ukoo nyumbani. Tulichinja kuku, tukasonga obusuma, ule ugali wetu, wazee wakala wakanawa. Mimi nilikuwa jikoni na mama yangu, na Baba alipotuma niitwe, nilivua leso niliyofunga kiunoni, nikavaa gauni langu zuri. Mama alinitazama nikivaa, akageukia masufuria.

Baba alisimama kwa shida. Aliwaambia watu kwamba amechoka, kwamba duka limemlisha na kumsomeshea mtoto, na sasa linataka mwanamume mwenye nguvu na elimu. Akamtaja ndugu yangu. Watu wakapiga makofi. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni peke yangu, mzee mmoja akauliza, "Na huyu?"

"Huyu ataolewa," Baba alisema. "Nikimpa duka, si nitakuwa nimewapa wakwe ambao hata siwajui? Lakini siwezi kumsahau. Mama, kuja hapa."

Nilikwenda. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya vitunguu, nakumbuka hilo. Baba alichukua kitu kilichofungwa kwa karatasi ya Krismasi, akakishika kwa mikono miwili, na akaanza hotuba. Alisema hakuna msichana aliyemtumikia baba yake kama mimi. Alisema mikono hii imefanya kazi kuliko ya vijana wawili. Sauti ilimkatika kidogo, na shangazi zangu wakapangusa macho. Niliijua hotuba ile. Niliijua mpaka mahali ambapo sauti hukatika.

Mama alikuwa amenifuata mpaka nyuma yangu. "Pokea," alininong'oneza. "Wageni wanaangalia."

Nikapokea, nikapiga goti, vigelegele vikapigwa. Nilikwenda jikoni nikafungua karatasi. Kabla ya kuinua kifuniko niliona ni boksi gani, lakini nililigeuza. Nukta zilikuwa tatu, nyekundu, za mkono wangu, ya mwisho bado imekoza. Ndani mlikuwa na vile vyeupe vya kisigino. Mpaka leo sijui kama Baba alitazama chini ya boksi kabla ya kulifunga au hakutazama, na nimeshindwa kuamua lipi lingekuwa afadhali.

Vilikuwa namba tano. Mimi navaa namba nane, mguu wa kwetu huo, mpana. Miaka saba Baba alikuwa ananiona nikipima miguu ya watu, hata ya watoto waliokuwa mbali na waliokuwa wamelala, na hakuwahi kuuliza wangu.

Wageni walipokuwa wakiaga aliniita tena, mbele yao. "Mama, viatu vimekukaa?"

"Vimenikaa, Baba," nilisema. Alifurahi sana.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mjini, nikafungua duka, nikakwangua matope, nikatoa sweta kibarazani, kila shule kwenye mstari wake. Fundi aliniamkia, na kwa jinsi alivyoniamkia nikajua ameshasikia. Niliingia stoo na boksi langu nikalirudisha kwenye rafu yake, likawa la kumi na mbili kati ya wenzake. Kisha nikalitoa tena, nikaligeuza, nikachukua ile kalamu nyekundu nikatia nukta ya nne, jambo ambalo halikuwahi kufanyika pale. Ndugu yangu alipofika nilimpa funguo zangu zote. Aliniuliza za stoo ni zipi, nikamwonyesha.